Iguana Akigoma Kula, Pima Joto Kwanza

Msikilizaji, tarehe 21 Januari 2020 ofisi ya hali ya hewa ya serikali ya Marekani iliyoko Miami, jimbo la Florida, ilitoa tahadhari isiyo ya kawaida katika kazi yake. Usiku ule ulitazamiwa kuwa wa baridi kali kwa kipimo cha kusini mwa Florida, na wakazi waliambiwa wasishangae wakiona iguana wakianguka kutoka mitini. Alfajiri halijoto ya Miami ilishuka hadi kati ya nyuzi 4 na 5 za Selsiasi, na kweli mijusi hao wa kijani walikutwa wamelala chali kandokando ya mabwawa ya kuogelea, vijiani na kwenye bustani za watu, wamekakamaa. Aliyewaona angeapa kwamba wamekufa. Jua lilipopanda na kuwapasha moto, wengi walianza kutikisa mikia, wakajigeuza, wakajikokota kurudi mitini.

Mambo kama hayo yalionekana Florida Januari 2010 na tena Januari 2018. Picha zake husambaa kama kichekesho. Lakini kwa mtu anayefuga iguana nyumbani zina somo zito, kwa sababu zinaonyesha wazi kitu ambacho ndani ya nyumba hujificha.

Nyumbani hakuna anayeanguka. Sebule ya Chicago au Toronto wakati wa majira ya baridi huwa na nyuzi 20 au 21, na binadamu aliyevaa sweta anaona yuko salama. Iguana aliyemo kwenye sanduku la kioo pembeni mwa sebule hiyo hakakamai, anakaa tu. Siku za mwanzo anaacha nusu ya majani aliyowekewa. Baadaye anayatazama bila kuyagusa. Mwenye mnyama anasema amekuwa mchaguzi, anabadilisha majani, anajaribu ndizi, anajaribu embe, anampelekea chakula hadi mdomoni kwa mkono. Mjusi anafumba macho. Wiki zinapita, mkia unakonda, mifupa ya nyonga inaanza kuchomoza.

Mara nyingi kosa halimo kwenye sahani. Limo kwenye hewa inayomzunguka. Hoja ya mazungumzo haya ni hiyo: iguana anayegoma kula aulizwe kwanza habari ya joto, ndipo aulizwe habari ya chakula.

Iguana wa kijani, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Iguana iguana, kwao ni ukanda unaoanzia Mexico, ukapita Amerika ya Kati yote, ukashuka hadi Brazil na Paraguay, pamoja na baadhi ya visiwa vya Karibiani. Afrika Mashariki hayuko. Kenge ndiye anayemkaribia kwa umbo, ila kenge hula nyama, mayai na samaki, na iguana ni mla majani. Mtoto aliyetoka yaini leo anaenea kiganjani. Dume aliyekomaa hufika mita moja na nusu, wengine hukaribia mbili, zaidi ya nusu ya urefu huo ikiwa mkia. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20. Watu wengi hununua kale kadogo bila kuambiwa habari za hilo kubwa.

Maisha yake ni ya juu ya miti, hasa miti iliyoinamia mito. Asubuhi hutoka kivulini na kupanda hadi matawi ya juu kuota jua. Wakati huo ngozi yake hukolea rangi ili inyonye joto kwa wingi. Mwili ukishapata moto ndipo anapoanza kula, na akishakula hurudi juani. Mchana jua likizidi, huhamia kwenye majani yenye kivuli. Siku yake nzima ni kutafuta joto, kulipunguza na kulitafuta tena.

Zamani wanasayansi wengi waliamini kwamba mijusi na nyoka hupokea tu joto lolote linalowakuta. Mwaka 1944 watafiti wawili wa Marekani, Raymond Cowles na Charles Bogert, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanyama watambaao wa jangwani, na wakaonyesha kwamba wanyama hao hujipangia joto la mwili kwa mwenendo wao. Huingia juani, hutoka, hugeuza ubavu, hujibana kwenye mchanga wenye moto, hujificha shimoni. Kwa njia hiyo mjusi anayeota jua anaweza kuwa na damu yenye joto sawa na la binadamu, na kulishikilia kwa saa nyingi. Anachokosa ni uwezo wa kulitengeneza mwenyewe ndani ya mwili. Ukimfungia mahali pasipo na pa kulichukua, umemnyang'anya njia pekee aliyonayo.

Joto hilo lina kazi nyingi, na kubwa kuliko zote kwa mla majani ni ile ya tumboni. Majani yana nyuzinyuzi ngumu ambazo mwili wa iguana wenyewe hauwezi kuzivunja. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana, ambao kwa iguana umegawanyika katika vyumba vinavyochelewesha chakula ili kipate kuchachushwa taratibu. Mtafiti Katherine Troyer alifuatilia jambo hili nchini Panama, na mwaka 1982 jarida la Science lilichapisha alichokiona. Vitoto vya iguana vikishaanguliwa hupata kwanza vijidudu vya udongo wa kiota, kisha huenda kukaa karibu na iguana wakubwa na kula kinyesi chao. Kwa namna hiyo vijidudu vya mmeng'enyo hupita kutoka kizazi hadi kizazi. Baadaye Troyer alionyesha pia kwamba hata tofauti ndogo ya joto la mwili mchana hubadilisha jinsi chakula kinavyosagwa.

Iguana aliyekula akaachwa kwenye baridi ni sawa na sufuria ya maharagwe iliyoinjikwa halafu moto ukazimwa: hayaivi, na yakikaa yanachacha. Chakula husimama njiani, gesi hujaa, tumbo huvimba, choo hukatika. Bakteria wazuri hudhoofika na wabaya wakapata nafasi. Ndiyo maana mwili uliopoa huikata hamu mapema. Mnyama anayekataa kula katika hali hiyo hana ukaidi wala deko. Anajilinda.

Jamaa yake wa visiwa vya Galapagos, huko Ecuador, anaionyesha kanuni hiyohiyo mbele ya macho ya watalii kila siku. Iguana wa baharini hula mwani. Madume wakubwa hupiga mbizi katika maji ya baridi kuutafuna kwenye miamba, na joto la miili yao hushuka sana wakiwa humo. Wakitoka huwa wazito wa kila kitu. Hawana shughuli nyingine kabla ya kujilaza juu ya mawe meusi ya volkano, makundi kwa makundi, wengine wakiwa wamelaliana, hadi miili ipate moto. Charles Darwin aliwashuhudia mwaka 1835. Mwani waliokwisha kuumeza hauna faida kwao mpaka jua lifanye sehemu yake.

Sasa, msikilizaji, ni joto kiasi gani? Wafugaji wazoefu na madaktari wa wanyama watambaao hawatofautiani sana katika hesabu hizi. Mahali pa kuotea joto, yaani juu ya tawi au ubao ulio chini ya taa, pawe na nyuzi 35 hadi 38. Upande huo wa kizimba kwa jumla uwe na nyuzi 30 hivi. Upande wa pili, wa kupoa, uwe na 25 hadi 27. Usiku joto lishuke kidogo, lakini lisiteremke chini ya nyuzi 22 au 23. Unyevu wa hewa uwe mwingi, asilimia 65 hadi 75, kwa kuwa huyu ni mtoto wa misitu ya mvua na mito. Mwanga uwake kwa saa 12 hivi, kisha pawe na giza kamili.

Tofauti kati ya upande na upande ina uzito zaidi kuliko namba yoyote. Kizimba chenye nyuzi 32 kila mahali kinamnyima mnyama nafasi ya kuchagua: hawezi kupanda hadi kiwango cha kusaga chakula, wala hawezi kwenda kupoa. Hapo ndipo ukubwa wa kizimba unapoingia. Sanduku la kioo la urefu wa mita moja halina nafasi ya pande mbili. Iguana mzima anahitaji kizimba kinachokaribia mita mbili kwa urefu na mita mbili kwa kimo, chenye matawi imara, kwa sababu mjusi wa mtini asiyeweza kupanda huishi kwa hofu, na hofu nayo hukata hamu.

Makosa ya nyumbani yanajirudia nchi hadi nchi. La kwanza ni kukisia. Kipimajoto cha kubandika kwenye kioo hupima kioo, na kinaweza kusoma namba nzuri wakati tawi analolalia mnyama liko mbali na namba hiyo. Panapopaswa kupimwa ni pale mgongo wa mnyama unapofika, kwa kipimajoto chenye waya na kichwa cha kuwekwa hapohapo, au kile cha kuelekeza mwale na kusoma joto la uso wa kitu. Kifaa hicho hakigharimu hata sehemu ndogo ya matibabu ya iguana mgonjwa.

La pili ni taa moja yenye duara dogo la joto. Kwa kitoto inatosha. Kwa dume mwenye kiwiliwili cha nusu mita, bila kuhesabu mkia, taa hiyo inamchoma pahali pamoja mgongoni, huku mapaja na tumbo vikibaki baridi. Balbu mbili au tatu za nguvu ndogo zilizopangwa sambamba humfunika mwili mzima, na themostati huzizima na kuziwasha joto linapofika kiwango. Usiku, balbu ya kauri inayotoa joto bila mwanga huzuia baridi bila kumvurugia usingizi. Vyote hivyo viwekewe wavu wa kinga, maana iguana hupanda na kukumbatia chochote kilicho juu.

La tatu ni jiwe la umeme linalouzwa madukani ili mnyama alilalie. Iguana ameumbwa kupokea joto kutoka juu, jua lilipo. Hata utosini ana kiungo kidogo kinachohisi mwanga. Tumboni hatambui upesi kwamba anaungua, na chumba kikiwa baridi hung'ang'ania jiwe hilo kwa saa nyingi. Matokeo yake ni malengelenge na vidonda ambavyo madaktari wa wanyama hao wamevitibu mara zisizo na idadi.

Kosa la nne ni la nchi zenye joto, na ndilo linalowashangaza watu. Katika miji ya Ghuba, nje kunaweza kuwa na nyuzi 45 huku ndani kiyoyozi kikishikilia 21. Iguana wa nyumba hiyo yuko kwenye hali ileile ya mwenziwe wa Chicago. Na mwenye huruma akilichukua sanduku la kioo la mnyama na kuliweka dirishani ama barazani penye jua, anahatarisha maisha ya mnyama huyo kwa njia ya pili, kwa kuwa kioo hufungia joto ndani na sanduku hupanda hadi kiwango cha kuua kwa muda mfupi. Jua la moja kwa moja ni zuri, lakini ndani ya kizimba cha waya kinachopitisha hewa, chenye kivuli na maji.

Jua la dirishani lina upungufu mwingine. Kioo cha kawaida huzuia ile sehemu ya miale ya urujuanimno ambayo ngozi ya iguana huitumia kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kuichukua kalisi ya chakula, hata majani yawe mazuri kiasi gani. Mwili huanza kuichota kutoka kwenye mifupa. Taya hulainika na kuvimba, miguu hupinda kwa matege, vidole hutetemeka, na mnyama mwenye taya laini hutafuna kwa maumivu mpaka anaacha. Ndiyo sababu kizimba huhitaji taa ya pili, ya miale hiyo mahususi, na taa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kwa kuwa miale hufifia wakati mwanga wa kuonekana bado unawaka vizuri. Joto na mwanga vinategemeana, kwani hata ule utengenezaji wa vitamini hukamilika vizuri zaidi mwili ukiwa na joto.

Umeme nao haudumu kila mahali wala kila wakati. Februari 2021 dhoruba ya baridi iliivamia Texas, mitambo ikalemewa, na mamilioni ya nyumba zikakaa gizani, baadhi kwa siku kadhaa, wakati nje kulikuwa chini ya sifuri. Ghafla kila mwenye iguana, kobe au nyoka wa nchi za joto alikuwa na kazi ya kumwokoa. Kinachofaa katika hali hiyo ni kumhamishia mnyama kwenye sanduku dogo lililofunikwa kwa blanketi, kuweka kando yake chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa kwa taulo, na kuzibadilisha zinapopoa. Chakula kisimamishwe mpaka joto lirudi. Iguana mwenye afya huvumilia kwa urahisi zaidi siku chache bila kula kuliko siku hizohizo akiwa na majani tumboni yasiyosagwa.

Kuna sababu nyingine kubwa ya kulinda joto, nayo inahusu ugonjwa. Katika miaka ya 1970 Matthew Kluger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walifanya majaribio kwa iguana wa jangwani, mjusi wa kusini-magharibi mwa Marekani aliye wa ukoo mmoja na iguana wa kijani. Walipowaambukiza bakteria, wanyama hao walikwenda wenyewe mahali penye joto zaidi kuliko walipozoea kukaa, wakajitia homa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1975, walioambukizwa waligawanywa katika makundi, kila kundi likifungiwa kwenye joto lake, kuanzia nyuzi 34 hadi 42. Waliowekwa kwenye 34 walikufa wote. Wengi wa waliokuwa kwenye 40 na 42 walipona.

Maana yake kwa mfugaji iko wazi. Iguana mgonjwa kwenye kizimba cha nyuzi 24 hawezi hata kupata homa. Kinga yake imefungwa mikono, na dawa atakayopewa haitafanya kazi inavyotakiwa. Ndiyo maana daktari mzuri, kabla ya kuandika dawa, huuliza: taa ni ya aina gani, imewekwa umbali gani, na kipimajoto kinasoma ngapi?

Pamoja na hayo, si kila mgomo ni wa baridi, na haki ya mnyama ni kuchunguzwa. Joto likishapimwa na kuonekana sawasawa, yapo mengine ya kuangalia. Jike aliyekomaa anaweza kubeba mayai hata bila dume, na wiki za mwisho kabla ya kutaga hupunguza kula au huacha kabisa, kwa kuwa mayai yanajaza tumbo lote. Jike huyo hubaki macho, huzunguka, huchimbachimba pembeni akitafuta pa kutagia. Asipopewa sanduku la mchanga wenye unyevu anaweza kuyazuia mayai hadi yamuue. Akilegea na kulala, hiyo ni dharura. Dume naye katika msimu wa kujamiiana hula kidogo kwa wiki kadhaa, akawa mkali na rangi yake ikaelekea uchungwa.

Mnyama mpya, aliyefika nyumbani siku chache zilizopita, hugoma kwa woga. Huyo anahitaji utulivu, majani ya kujifichia na sahani iliyo juu, mbali na mbwa, watoto wenye kelele na kioo kinachomwonyesha sura yake akadhani ni mpinzani. Wengine wana minyoo, wengine wana usaha mdomoni, wengine wamemeza kokoto au vumbi la mbao lililotandikwa chini.

Kwa iguana wenye umri, woga mkubwa wa madaktari ni figo. Miaka mingi ya hewa kavu, maji kidogo na chakula chenye nyama, kama kile cha mbwa au paka ambacho zamani watu walishauriwa kukitoa, huziharibu figo polepole. Mnyama huja kugoma kula wakati uharibifu umeshafika mbali. Chakula chake halali ni majani mabichi ya kijani yenye kalisi nyingi: sukumawiki na jamii zake, majani ya haradali, majani ya figili, yakichanganywa na boga lililokunwa na tunda kidogo. Saladi ya letusi ni maji matupu. Mchicha na spinachi havifai kuwa chakula cha kila siku, kwa sababu vina asidi inayoikamata kalisi isiingie mwilini.

Basi mtu afanye nini akimkuta iguana wake hagusi chakula? Kwanza apime joto la pale mnyama anapolala, asubuhi, mchana na usiku wa manane, kisha arekebishe palipopungua. Pili, amwogeshe katika maji ya uvuguvugu yanayofika mabegani, kwa dakika 20 hivi, kila siku. Wengi hunywa humo, na maji hayo huwafungua choo. Tatu, ampime uzito kila wiki na kuandika. Asimlishe kwa nguvu mnyama aliyepoa au aliyekaukiwa maji, kwa kuwa kinachosukumwa kooni kitaozea tumboni au kitaingia kwenye mapafu. Utaratibu wa madaktari hauna njia ya mkato: joto, maji, ndipo chakula.

Joto likirudi, mara nyingi hamu hufuata ndani ya siku chache. Isiporudi katika muda wa wiki moja, au mnyama akikonda, akivimba taya, akitetemeka au akishindwa kujiinua, aende kwa daktari aliyesomea wanyama watambaao. Daktari wa mbwa na ng'ombe, hata akiwa hodari, huenda hajawahi kufundishwa figo za mjusi. Na kila anayemshika iguana anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu wanyama hawa hubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuugua, na watoto wadogo ndio wanaoumizwa zaidi.

Msikilizaji, nyuma ya haya yote kuna biashara. Iguana wa kijani amewekwa chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya wanyamapori tangu 1977. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Kijerumani Dagmar Werner alianzisha Panama, kisha Costa Rica, ufugaji wa iguana kwa ajili ya nyama na ulinzi wa misitu. Lakini mashamba mengi yaliyofuata katika eneo hilo, El Salvador ikiwemo, yalizalisha vitoto vya kuuzwa nje. Katikati ya miaka ya 1990 Marekani iliingiza mamia ya maelfu kwa mwaka. Bei ilikuwa ndogo kuliko bei ya taa anazozihitaji, na hapo ndipo mateso yanapoanza: mtu ananunua mnyama kwa fedha kidogo na kuona taa kama anasa.

Waliochoka waliwaachia nje. Kwenye miji ya baridi walikufa kabla ya Desemba. Florida walizaana na kuwa kero, wakila bustani na kuchimba kingo za mifereji, hata tarehe 29 Aprili 2021 jimbo hilo likaanza kuwapiga marufuku. Aliyekuwa naye nyumbani alitakiwa kuomba kibali na kumwekea mnyama alama ya kielektroniki mwilini.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii kupitia vinyonga wa milima ya Usambara na nyanda za juu za Kenya, na yule kobe bapa wa miamba wa Kenya na Tanzania, ambaye mwaka 2019 alipandishwa kwenye orodha ya juu ya CITES kwa sababu ya kuwindwa kwa ajili ya wafugaji wa nje. Kinyonga wa milimani yuko kinyume cha iguana. Amezoea usiku wa baridi, na joto la taa linalomponya iguana humuua yeye. Kila mnyama ana joto la kwao, na anayemchukua amelichukua pia jukumu la kumpa joto hilo.

Kwa familia zinazosikiliza zikiwa Minnesota, Ohio, Ontario, Dubai au Muscat, na ambazo mtoto wao anaomba iguana: hesabuni kwanza kizimba cha mita mbili, taa za aina mbili, themostati, vipimajoto viwili, umeme wa usiku na mchana kwa miaka 15, na daktari aliye karibu. Kama hesabu haitoshi, mwambieni mtoto hapana. Na aliye naye tayari, leo jioni akitoka mbele ya redio, apeleke kipimajoto pale juu ya tawi la kuotea joto, taa ikiwa inawaka, na asome namba. Ikiwa chini ya 35, asihangaike na majani; arekebishe taa kabla ya kulala.